Kabla hujatia sahihi: mwongozo wa kuingia jaribio la awamu ya kwanza la dawa ya saratani ya damu

Kazi yangu ni ukalimani wa hospitali, huku Marekani. Nakaa kiti cha pembeni, daktari huku, mgonjwa na watu wake kule, maneno yote yanapita kwangu. Wengi ninaowakalimania ni Wakongo waliopitia kambi za Kigoma na Burundi, kisha Wakenya na Watanzania waliokuja kusoma wakabaki. Si mara nyingi, lakini imetokea zaidi ya mara moja, niwe chumbani pale daktari anaposema: kuna dawa mpya, bado inajaribiwa, tungependa ufikirie kushiriki.

Swali la kwanza huwa lile lile. "Itaniponya?" Na jibu huwa la kuzunguka: tunatumaini itasaidia. Kuna mzee mmoja alinigeukia mimi badala ya kumtazama daktari. "Mwanangu, maneno nimeyasikia. Jibu ndilo sijalisikia." Nikalitafsiri hilo kama lilivyo. Daktari akaweka kalamu mezani, akavuta kiti, akaanza upya.

Haya ninayoandika ni ya kukusaidia ufike kwenye huo mwanzo mpya mapema, kabla kalamu haijafika mkononi mwako. Mimi si daktari. Ya tiba yako utaongea na waliokupima.

Hatua ya 1: Tenganisha swali lako na swali lao

Awamu ya kwanza haiulizi kama dawa inaponya. Inauliza mwili wa binadamu unahimili kiasi gani, madhara yake ni yapi, na dawa inakaa mwilini muda gani kabla ya kutoka. Kama inaushika ugonjwa, hilo ni la awamu ya pili. Kama inaishinda tiba iliyozoeleka, hilo ni la awamu ya tatu. Wewe umekuja na swali lako, nao wana lao. Yanaweza kukutana, lakini usidhani ni moja.

Hapa lugha yetu yenyewe inatuponza. "Dawa" kwa Kiswahili ni neno lenye ahadi ndani yake; ukilisikia hospitalini, unasikia kupona. Ndiyo maana siku hizi, kabla ya kikao kuanza, huwaomba madaktari waniruhusu niseme "dawa inayojaribiwa" kila wanapotaja neno hilo. Na "jaribio" nalo lina balaa lake: mama mmoja alisikia "jaribu", akaanza kuniambia habari za Ayubu.

Ukitaka namba, ipo hesabu iliyochapishwa mwaka 2005 ya majaribio 460 ya awamu ya kwanza ya dawa za saratani yaliyodhaminiwa na taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani kati ya 1991 na 2002, yenye washiriki karibu 12,000. Ambao saratani yao ilipungua kwa kipimo au kutoweka walikuwa kama 1 kati ya 10. Waliokufa kwa sababu ya dawa yenyewe walikuwa kama 1 kati ya 200. Ni namba za zamani, za saratani za kila aina, na dawa za leo nyingi zinalenga kasoro mahususi ndani ya seli. Hata hivyo zinakupa ukubwa wa jambo: nafasi ipo, ni ndogo, na hatari ipo.

Kisha ipo habari ambayo kila daktari wa damu anaijua. Juni 1998, daktari Brian Druker wa Portland, Oregon, na wenzake walianza kuwapa wagonjwa wa lukemia sugu ya mieloidi, aina ya saratani ya damu wanayoiita CML, kidonge kilichokuja kuitwa imatinibu. Walikuwa wagonjwa 83 ambao tiba ya zamani, interferoni, haikuwafaa. Dozi zilipanda kutoka miligramu 25 kwa siku hadi 1,000. Kati ya 54 waliopata miligramu 300 au zaidi, 53 hesabu za damu zao zilirudi kawaida. Mei 2001 dawa ikaidhinishwa Marekani, miaka isiyotimia mitatu. Hiyo ilikuwa awamu ya kwanza. Daktari akikutajia imatinibu, anakwambia kweli, lakini muulize ni dawa ngapi zimewahi kufanya hivyo.

Kwa saratani adimu sana mipaka ya awamu huwa inafutika, kwa sababu wagonjwa wa kutosha awamu tatu hawapatikani. Utaona kwenye karatasi "awamu ya 1/2". Kuna saratani ya damu inayoitwa kwa kifupi BPDCN, ambayo mara nyingi huanza na mabaka ya zambarau kwenye ngozi. Dawa yake ya kwanza kuidhinishwa Marekani, tagraksofuspi, ilipita Desemba 2018 kwa utafiti wa wagonjwa 47 tu. Hapo hapo utafiti ulionyesha hatari yake kubwa: mishipa midogo ya damu kuvujisha maji yake, mwili kuvimba na presha kushuka, jambo lililoua baadhi ya washiriki. Kwa hiyo ukiwa na ugonjwa adimu, wewe si mmoja kati ya maelfu. Kinachokupata wewe kinabadilisha matokeo.

Hatua ya 2: Uliza uko kundi la ngapi

Hili ndilo swali ninalotamani kila mgonjwa aulize, na wachache sana huuliza.

Dozi hupandishwa kwa ngazi. Mtindo wa zamani, ambao bado unatumika, ni wa watu watatu watatu. Watatu wa kwanza wanapewa dozi ndogo, wanaangaliwa kwa wiki tatu au nne. Asipopata yeyote madhara makali, watatu wengine wanapewa dozi ya juu yake. Akipata mmoja, wanaongezwa watatu kwenye dozi ile ile waone kama ilikuwa bahati mbaya. Wakipata wawili, kupanda kunasimama na wanarudi ngazi ya chini. Siku hizi kuna hesabu za kompyuta zinazoamua ngazi kwa ustadi zaidi, na tangu 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani inawabana watengenezaji watafute dozi inayofaa badala ya kubwa kuliko zote inayovumilika. Lakini ngazi ni ngazi.

Maana yake kwako ni hii. Ukiwa ngazi ya chini, hatari ya sumu ni ndogo, na uwezekano wa dawa kukufaa pia ni mdogo. Ukiwa juu, vyote viwili vinapanda. Ukiingia mwishoni, dozi ikishachaguliwa na kundi likipanuliwa, unaingia kwenye njia ambayo wengine wameshaikanyaga. Ni jaribio lile lile na karatasi ile ile, ila hali tatu tofauti kabisa.

Kwa hiyo uliza hivi, na usikubali kupita bila jibu:

"Ni watu wangapi wameshapewa dawa hii kabla yangu?"
"Mimi nitapewa dozi ipi, na ya chini yake iliwafanya nini waliotangulia?"
"Nikianza na dozi ndogo, naruhusiwa kupandishwa baadaye?"
"Kuna mgonjwa yeyote mwenye ugonjwa kama wangu ambaye hali yake ilibadilika?"

Na kama wewe ni wa kwanza kabisa kwenye ngazi yako, uliza mtapishana muda gani na anayefuata. Swali hili lina historia. Machi 2006, kwenye hospitali ya Northwick Park, London, vijana sita wenye afya zao walipewa dawa yenye namba TGN1412, iliyokuwa ikitengenezwa kwa ajili ya aina moja ya lukemia na ugonjwa wa baridi yabisi. Dozi ilikuwa sehemu moja tu ya mia tano ya ile iliyoonekana salama kwa wanyama. Walipewa mmoja baada ya mwingine kwa kupishana dakika chache. Kabla madhara hayajajitokeza kwa wa kwanza, wote walikuwa wameshapata, na wote sita wakaishia chumba cha mahututi. Walinusurika, mmoja wao akiwa amepoteza vidole. Baada ya hapo Ulaya ikabadilisha miongozo yake: anatangulia mmoja, anasubiriwa, ndipo wengine.

Hatua ya 3: Jua unachokiacha

Mwombe daktari akutajie kwa majina njia nyingine zilizobaki: tiba ya kawaida uliyokuwa hujaijaribu, kupandikizwa uboho, kuongezewa damu na chembe sahani (zile za kugandisha damu) tu, au tiba shufaa ya kutuliza maumivu ukiwa nyumbani kwako. Hii ya mwisho huwa haitajwi mpaka iulizwe. Itaje wewe.

Uliza pia kuhusu kipindi cha kusafisha mwili. Majaribio mengi yanataka dawa ya zamani iachwe, mara nyingi wiki mbili au zaidi, ili isichanganyike na mpya. Kwa saratani inayokwenda mbio, wiki mbili bila dawa si kitu kidogo. Na unaweza kuacha dawa, ukapimwa figo, ini na moyo, kisha ukaambiwa hukufuzu. Hapo mpango ni upi? Upate jibu kabla hujaacha kidonge hata kimoja.

Hatua ya 4: Fomu ya ridhaa, na mtego wa fomu fupi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ninapofanyia kazi.

Sheria ya Marekani inaruhusu njia mbili kwa asiyesoma Kiingereza. Ya kwanza ni kutafsiri fomu nzima. Ya pili ndiyo ninayoiona zaidi kwa Waswahili: fomu fupi. Ni karatasi chache za Kiswahili zinazosema kwamba umeelezwa kusudi la utafiti, hatari, faida, njia nyingine, na haki yako ya kukataa. Zinasema umeelezwa. Maelezo yenyewe hayamo. Yamo kwenye fomu ndefu ya Kiingereza, kurasa ishirini, thelathini, ambayo anayekuomba ridhaa anaieleza kwa mdomo na mkalimani anaibeba. Wewe unatia sahihi ile fupi. Shahidi anayejua lugha zote mbili, na mara nyingi ni mkalimani huyo huyo, anatia yake. Anayekuomba ridhaa anasaini ile ndefu.

Ina maana yote unayoyajua umeyapata kwa masikio. Saa moja na nusu ya maneno, mgonjwa ana homa, simu ya binti inaita.

Fanya hivi. Omba vikao viwili badala ya kimoja. Siku ya kwanza ya kusikiliza, ya pili ya kuuliza na kuamua. Omba ruhusa ya kurekodi kwa simu. Ondoka na nakala ya fomu zote mbili, hata ile ya Kiingereza usiyoisoma, kwa sababu mpwa wako au mtu wa msikitini au kanisani ataisoma. Uliza kama fomu ndefu inaweza kutafsiriwa. Wakati mwingine inawezekana, ila hakuna aliyeuliza. Usimkubali mtoto wako wa shule awe mkalimani, hata kama Kiingereza chake kinateleza kama mafuta. Hajui neno la uboho kwa lugha yoyote, na hapaswi kuwa yeye wa kumwambia baba yake uwezekano wa kufa. Hospitali inawajibika kukuletea mkalimani bila malipo. Akitumwa anayesema Kiswahili cha pwani na wewe unasema cha Bukavu, na hamwelewani, sema. Hatukasiriki.

Kisha wakamilishe kikao kwa kukutaka wewe ueleze kwa maneno yako mwenyewe ulichokubali. Wasipokutaka, jieleze tu. Yule mzee niliyemtaja, kikao cha pili alisema: "Wananipa sumu kidogo waone kama naibeba. Nikiibeba, wajao watajua waanzie wapi. Nikipata nafuu, ni ya Mungu." Daktari alipotafsiriwa alinyamaza kidogo, akasema hajawahi kusikia fomu ile ikifupishwa vizuri namna hiyo.

Ndani ya fomu kuna visanduku vya "ndiyo" na "hapana" ambavyo watu huvipita. Ni vya mambo ya hiari: kuhifadhi damu na uboho wako kwa tafiti za baadaye, kupimwa vinasaba, kuchomwa uboho mara ya ziada. Ukijibu "hapana" huko hutolewi kwenye jaribio. Soma kimoja kimoja.

Hatua ya 5: Taja kila unachokunywa

Kila kitu. Habasoda, unga wa mlonge, mwarobaini, kile kichupa alichotuma shangazi kutoka Ujiji. Usione haya, hakuna atakayekucheka, na akicheka, acheke. Dawa nyingi huvunjwa kwenye ini na utumbo, na vitu vya kawaida kabisa huingilia kazi hiyo. Balungi ni mfano unaojulikana: juisi yake huzuia uvunjaji wa dawa kadhaa, dozi ya kawaida ikageuka kuwa kubwa. Ukificha, wewe ndiye unayepata dozi ambayo hakuna aliyeipanga.

Kama dawa ni ya kumeza na Ramadhani inakaribia, lisemwe mapema. Na suala la mimba linawahusu wanaume pia. Uzazi wa mpango huwa ni sharti wakati wa jaribio na miezi kadhaa baadaye.

Hatua ya 6: Ione siku ya kwanza kabla haijafika

Omba jedwali la ratiba. Lipo, ni ukurasa mmoja ndani ya itifaki, yaani andiko la mpango wa utafiti, na linakwambia zaidi ya kurasa kumi za maelezo.

Siku ya kwanza huwa hivi. Unafika alfajiri. Unawekwa kanula mbili, mirija midogo ya kuingia mshipani, mkono wa kulia ya dawa, wa kushoto ya kutolea damu, ili dawa iliyobaki kwenye mrija isiharibu kipimo. Damu inatolewa kabla ya dawa. Dripu inaanza, muuguzi anaandika dakika. Kisha damu tena ikiisha, baada ya nusu saa, saa moja, mbili, nne, sita, nane, na kesho yake asubuhi. Kila kichupa kina stika ya namba yako, si jina lako, na kinawekwa kwenye barafu. Nimemwona muuguzi amesimama na saa mkononi, sindano tayari, anasubiri dakika itimie. Wanachora mstari wa jinsi dawa inavyopanda na kushuka mwilini, na kichupa kilichochelewa kinaharibu mstari huo.

Kwa hiyo beba blanketi, chaja, chakula unachokipenda kama kinaruhusiwa, na mtu wa kukaa naye. Wiki zinazofuata utarudi mara nyingi kuliko tiba ya kawaida. Kuchomwa uboho kwenye mfupa wa nyonga hurudiwa, na ganzi haifiki ndani kabisa ya mfupa. Pale wanapovuta, utausikia. Ni sekunde chache. Ni bora ulijue kuliko uambiwe "utahisi mguso kidogo".

Hatua ya 7: Fedha

Kwa kawaida mdhamini, yaani kampuni au taasisi yenye jaribio, hulipia dawa inayojaribiwa na vipimo vya utafiti. Matibabu ambayo ungeyapata hata bila utafiti hurudi kwenye bima yako. Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, inalazimika kugharamia huduma hizo za kawaida ndani ya majaribio tangu Januari 2022. Omba kuonana na mtu wa fedha kabla ya kusaini, umwulize nani analipa ukilazwa kwa madhara ya dawa. Uliza pia nauli, maegesho na hoteli. Mara nyingi mfuko upo lakini hautangazwi.

Ukiombwa wewe ulipie dawa inayojaribiwa, simama. Hili nawaambia hasa jamaa walio nyumbani, ambako naona matangazo ya "tiba mpya ya utafiti" kwenye simu. Jaribio halali lina namba ya usajili, iwe ya ClinicalTrials.gov, rejesta ya Marekani, au ya rejesta ya majaribio ya Afrika iitwayo PACTR, lina kibali cha kamati ya maadili, na lina idhini ya mamlaka ya dawa. Tanzania kibali cha maadili hutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na idhini ya dawa hutoka TMDA; Kenya idhini ya dawa hutoka Bodi ya Famasia na Sumu. Omba namba, uitafute mwenyewe. Si kwamba majaribio ya kweli hayafanyiki kwetu. Kampala imekuwa ikijaribu dawa za limfoma ya Burkitt, saratani ya tezi za limfu, tangu kituo kilichokuja kuwa Uganda Cancer Institute kifunguliwe mwaka 1967.

Uliza pia: dawa ikinifaa na jaribio likaisha, nitaendelea kuipata? Kwa muda gani, kwa gharama ya nani? Jibu liwe kwenye maandishi.

Hatua ya 8: Ukiwa nyumbani

Nunua kipimajoto. Nyuzi 38 za Selsiasi ni simu, usiku au mchana. Chembe nyeupe za damu, zile za kinga, zikiwa chini, homa haisubiri asubuhi. Vivyo hivyo kukosa pumzi, kuchanganyikiwa, kutokwa damu isiyokatika, au kuvimba ghafla. Utapewa kadi yenye jina la dawa na namba ya daktari wa zamu. Ipige picha, mpe mwenzako nakala, na uwe nayo kila unapokwenda dharura, kwa sababu daktari wa dharura hajawahi kuisikia dawa hiyo na hataipata kwenye kitabu chochote. Ukipiga, sema kwanza maneno haya mawili ya Kiingereza hata kama huna mengine: "Swahili interpreter". Subiri kwenye laini.

Hatua ya 9: Kutoka

Unaweza kutoka siku yoyote, bila kueleza sababu, na hospitali haiwezi kukunyima tiba nyingine kwa hilo. Ila usipotee tu. Waambie, kwa sababu dawa nyingine haziachwi ghafla na watahitaji kukupima mara moja au mbili kwa usalama wako. Taarifa walizokwisha kukusanya zitabaki. Sampuli zilizohifadhiwa unaweza kuomba ziharibiwe.

Kabla ya kuondoka nakili namba ya jaribio, ile inayoanza na herufi NCT na kufuatiwa na tarakimu nane. Mke wa yule mzee aliiandika nyuma ya kalenda ya jikoni. Huwa ananipigia kila baada ya miezi michache nimwangalizie kama matokeo yamewekwa.